Rojo la Mbao: Grafu Imepanda, Lakini Nani Ameshinda?

Julai 30, 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kuongeza ushuru wa asilimia 40 kwa bidhaa za Brazil, juu ya ule wa asilimia 10 uliokuwapo. Kahawa ilikumbwa, nyama ya ng'ombe nayo ikakumbwa. Rojo la mbao, malighafi inayotengenezewa karatasi, liliachwa kwenye orodha ya misamaha pamoja na ndege na juisi ya machungwa. Mwaka 2024 Brazil ilikuwa imeuza nje rojo la zaidi ya dola bilioni 10, kiasi ambacho haikuwahi kukifikia. Ziunganishe habari hizo mbili, ongeza na zile grafu za mitandaoni zinazoonyesha mstari wa Amerika Kusini ukipaa huku wa Amerika Kaskazini ukilala, na hitimisho huja bila kutafutwa: Kusini imeipiga mwereka Kaskazini, basi na sisi wenye ardhi, mvua na jua la kutosha tupande mikaratusi tukauze.

Naona grafu hiyo inasomwa vibaya. Thamani ya rojo linalovuka mpaka haipimi ni nani hodari wa kulitengeneza, wala haipimi mwenye shamba analipwa nini kwa mti wake. Inapima rojo ambalo nchi haikulitumia yenyewe, likazidishwa kwa bei ya mwaka ule, kwa dola za mwaka ule. Tarakimu ya mwisho inaweza kupanda kwa sababu viwanda vya karatasi vya nchi hiyo vimekufa, na inaweza kushuka wakati msitu, kiwanda na bandari vinafanya kazi kuliko mwaka uliotangulia. Anayetaka kuilinganisha mikoa ya dunia kwa mstari huo mmoja analinganisha mambo ambayo hata hayafanani.

Tuanze na namna biashara yenyewe ilivyohama. Kwa muda mrefu wa karne ya 20 rojo lilikuwa mali ya nchi za baridi: Sweden, Finland, Kanada, na Marekani yenye misindano yake ya kusini. Huko kaskazini kabisa mti husubiriwa miaka 60, 80, wakati mwingine zaidi. Brazil ikachukua mkaratusi wa Australia, ikauchagua mbegu kwa mbegu na kuuzalisha kwa vipandikizi mpaka ukawa tayari kukatwa baada ya miaka sita au saba. Kiwanda cha Aracruz, jimbo la Espírito Santo, kilianza kazi mwaka 1978 na kuonyesha kwamba nyuzi fupi za mkaratusi, zilizokuwa zikidharauliwa, zinatoa karatasi nzuri ya kuandikia na karatasi laini ya chooni. Chile ikafuata kwa misindano na mikaratusi, Indonesia kwa miakasia, Uruguay kwa kiwanda cha Fray Bentos kilichoanza 2007, ambacho hata kabla hakijawashwa kiliifanya Argentina iipeleke Uruguay kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa ajili ya mto wa mpakani. Na upande wa pili wa bahari akatokea mnunuzi mmoja mkubwa kuliko wote, China. Kuanzia Januari 2021 China ilipofunga kabisa mlango kwa makaratasi chakavu kutoka nje, hitaji lake la nyuzi mpya likazidi.

Bidhaa yenyewe haina mbwembwe. Ni mabamba meupe manene, magumu kidogo kama kadibodi, yanapangwa na kubanwa kuwa robota la kilo 250 hivi, likafungwa kwa bamba la rojo lilelile na kukazwa kwa waya. Marobota manane yakishikanishwa yanakuwa mzigo wa tani mbili unaonyakuliwa na winchi na kushushwa tumboni mwa meli. Mkataba huhesabu tani ya rojo lililokaushwa hadi kubaki na asilimia 10 tu ya maji, maana bila sharti hilo kuna watu wangeuza maji kwa bei ya karatasi.

Sasa bei. Mwaka 1995 tani ya rojo jeupe la nyuzi ndefu, lile la misindano ya kaskazini, ilifika kama dola 1,000. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1996, bei ikawa imeporomoka hadi karibu nusu. Mtu anayechora grafu yake kuanzia 1995 atakuonyesha Kanada inayoanguka. Anayeianza 1996 atakuonyesha Kanada inayonyanyuka. Miti ni ileile na viwanda ni vilevile. Kuna na jambo zito zaidi ya hilo: dola 1,000 za 1995, ukizipima kwa mfumuko wa bei wa Marekani, ni sawa na takriban dola 2,000 za mwaka 2023. Hata kilele cha bei cha 2022, ambacho magazeti ya biashara yalikishangilia kama rekodi, hakikufika hapo. Kwa thamani halisi, rojo limekuwa likipungua bei kwa kizazi kizima, na mstari wa dola usiosahihishwa unakuficha hilo kwa sababu wenyewe unazidi kwenda juu.

Brazil yenyewe inatoa mfano safi kabisa. Kati ya 2019 na 2020 tani ilizouza nje ziliongezeka, lakini mapato yakashuka kutoka kama dola bilioni 7.5 hadi karibu bilioni 6. Ukisoma thamani peke yake utasema sekta iliyumba. Ukisoma tani utasema ilikua. Vivyo hivyo mwanzoni mwa 2023: rojo la mkaratusi nchini China lilikuwa limetoka juu ya dola 800 kwa tani mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na kabla ya nusu mwaka kuisha likawa chini ya dola 500. Hakuna msitu unaobadilika kwa kasi hiyo. Kilichobadilika ni maghala ya wanunuzi na viwanda vipya vilivyoingia sokoni kwa mpigo. Kwa hiyo ile rekodi ya 2024 inahitaji kupasuliwa kabla ya kushangiliwa: sehemu yake ni tani, sehemu yake ni bei iliyopona kutoka kwenye shimo la 2023.

Kasoro ya bei angalau wachumi wanaizungumza. Inayonisumbua zaidi ni ile ya matumizi ya nyumbani. Finland na Sweden hazikujijenga kwa kuuza rojo. Zilijijenga kwa kuuza karatasi. Rojo lilitoka kwenye chungu likaenda moja kwa moja kwenye mashine ya karatasi iliyo jirani, bila kuonekana kwenye takwimu za mauzo ya rojo. Kisha dunia ikaacha kusoma magazeti ya karatasi. Finland ilifunga kiwanda cha karatasi cha Kaipola mwishoni mwa 2020, kikafuata cha Veitsiluoto mwaka 2021. Wakati huohuo ilikuwa ikijenga viwanda vikubwa vya rojo, Äänekoski mwaka 2017 na Kemi mwaka 2023. Rojo lililokuwa likiliwa nyumbani sasa linapakiwa meli kwenda Asia. Kwenye grafu hiyo inaonekana kama ukuaji wa mauzo. Kwa mfanyakazi wa Kaipola ni kitu kingine kabisa, na sidhani kama angeuita ushindi.

Upande wa pili wa sarafu ni China na Vietnam. China imejenga viwanda vyake vya rojo na inavilisha kwa vibanzi, yaani vipande vidogo vya mbao, kutoka Vietnam, nchi inayoongoza duniani kwa kuuza vibanzi. Mti wa Kivietinamu unafika kwenye boksi la simu bila kuhesabiwa hata siku moja kama rojo lililouzwa nje. Indonesia nayo hulitumia sehemu ya rojo lake kwenye viwanda vyake vya karatasi. Ukiipanga Asia ya Kusini-Mashariki dhidi ya Amerika Kusini kwa mauzo ya rojo, unaipima ya kwanza kwa mabaki na ya pili kwa mavuno.

Halafu mipaka. Rojo likitoka Sweden kwenda Ujerumani ni mauzo ya nje ya Ulaya. Likitoka Mato Grosso do Sul kwenda São Paulo, ndani ya Brazil, umbali wa mamia ya kilomita, si mauzo ya nje ya mtu yeyote. Sovieti ilipovunjika mwaka 1991, mizigo iliyokuwa ya ndani ikageuka kuwa biashara ya kimataifa, na mstari wa mauzo ukapata nyongeza ambayo haikuletwa na mti hata mmoja. Uholanzi na Ubelgiji, nchi zisizosifika kwa misitu, huonekana kwenye majedwali kwa sababu bandari zao hupokea marobota na kuyatuma tena. Jumlisha yote hayo uyaite "Ulaya", na umepata tarakimu nono ambayo sehemu yake imehesabiwa mara mbili.

Na kuna mtego wa forodha ambao nimewaona hata watu wenye shahada wakiuangukia. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa huweka rojo kwenye sura ya 47, lakini sura hiyohiyo inabeba pia makaratasi chakavu, chini ya namba 4707. Marekani ilikuwa, na bado ni, muuzaji mkubwa wa makaratasi chakavu. Ukichukua sura ya 47 nzima ukaiita "rojo la mbao", utaona Amerika Kaskazini ikishuka ghafla baada ya China kupiga marufuku, utasema viwanda vyake vya rojo vimeshindwa, kumbe kilichoanguka ni biashara ya maboksi yaliyotumika. Uruguay ina kituko chake: viwanda vyake vikubwa vimejengwa ndani ya maeneo huru ya kibiashara, na kwa forodha gogo likivuka geti la kiwanda limeshauzwa nje. Kwa hesabu moja nchi hiyo inauza magogo; kwa hesabu nyingine, inayojumuisha maeneo huru, rojo ndilo lililoipita nyama ya ng'ombe mwaka 2024, katika nchi ambayo nyama ni karibu dini.

Tani zenyewe hazilingani. Kusini-mashariki mwa Marekani hutoka rojo la nyuzi ndefu linalosagwa kuwa kama pamba na kujazwa kwenye pampasi na taulo za kike, na sehemu kubwa ya rojo hilo duniani hutoka huko. Afrika Kusini, kiwanda cha Saiccor pale Umkomaas kusini mwa Durban, hutengeneza rojo la kuyeyushwa ambalo huishia kuwa nyuzi za viskosi, yaani nguo. Kuliweka rojo la namna hiyo kwenye mstari mmoja na rojo la karatasi ya chooni, kisha kusema mkoa fulani "umezidiwa", ni kulinganisha bei ya kanga na bei ya gunia.

Wanaoamini grafu wana hoja, na sitaki kuipunja. Wanasema: toa bei, toa mipaka, toa makaratasi chakavu, bado Amerika Kusini imepanda. Kweli. Gharama ya kuzalisha tani moja Brazil ni ya chini mno, na viwanda vipya havijengwi Kanada. Huko British Columbia mdudu wa misindano alishambulia misitu kwa miaka, mioto ikaongezea, viwanda vya mbao vikafungwa, na kwa kuwa viwanda vya rojo vya kule hulishwa na mabaki ya mashine za mbao, navyo vikakosa chakula. Mwaka 2023 kampuni ya Canfor ilifunga mtambo wake mmoja wa rojo pale Prince George. Hilo ni anguko halisi, si la takwimu. Ninachobisha ni ukubwa wa pengo na sababu zake, si mwelekeo.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema kuuza rojo ni ukoloni uleule wa kuuza malighafi, na kwamba Brazil ingejenga viwanda vya karatasi ingetajirika maradufu. Hoja hii inavutia sikioni, lakini inayumba ukiigusa. Kiwanda cha rojo ndipo mtaji ulipo: mitambo ya kemikali, turbini, maji, umeme. Tope jeusi linalobaki baada ya kupika vibanzi huchomwa kuendesha kiwanda na mara nyingi umeme huzidi ukauzwa kwenye gridi. Karatasi laini ya chooni, kwa upande wake, ni hewa iliyokunjwa. Kuisafirisha mabara mawili ni kulipia nauli ya upepo, ndiyo maana hutengenezwa karibu na mtumiaji. Na karatasi ya kuandikia ni soko linalokufa. Brazil haikuzubaa kuuza rojo. Ilichagua. Lawama zake za haki ziko kwingine, kwenye ardhi, kama ule mgogoro mrefu wa Watupinikim na Waguarani, wenyeji wa asili wa Espírito Santo, dhidi ya mashamba ya mikaratusi, uliofikia kutambuliwa kwa ardhi yao mwaka 2007. Hakuna jedwali la mauzo linalobeba gharama hiyo.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayotuhusu: kwamba tuna hali ya hewa, basi tupande, tusubiri miaka saba, tuuze. Suzano, kampuni ya rojo ya Brazil, ilipowasha kiwanda chake cha Ribas do Rio Pardo mwezi Julai 2024 kilikuwa na uwezo wa tani milioni 2.55 kwa mwaka. Mgololo, kiwanda cha karatasi tulichokijenga Mufindi, hapa Tanzania, kwa mikopo ya wafadhili katika miaka ya 1980 ili misindano ya Sao Hill, shamba la miti la serikali, itoe karatasi ya daftari la mtoto wa shule, kilikuwa na uwezo wa tani 60,000. Ribas inazitoa hizo kwa siku zisizofika tisa. Na nyuma ya viwanda vya aina ya Ribas kuna reli, bandari ya maji marefu na mashamba yaliyopangwa kulizunguka geti. Uruguay ilibidi ifufue reli ya zaidi ya kilomita 260 kutoka Paso de los Toros hadi Montevideo ili kiwanda kimoja kikubali kujengwa.

Afrika yetu imeshajaribu, na kumbukumbu hizo hazitajwi kwenye grafu. Eswatini ilikuwa muuzaji halisi wa rojo. Kiwanda cha Usutu, pale Bhunya, kiliuza nje kwa miongo kadhaa, mpaka moto wa 2008 ulipoteketeza sehemu kubwa ya msitu na kampuni ya Sappi ya Afrika Kusini ikakifunga mwanzoni mwa 2010. Webuye, Kenya, Panpaper ilianza 1974 ikasimama 2009. Waliopita barabara ya kwenda Malaba wanaikumbuka harufu ya salfa, na wakazi walilalamika kwamba moshi unawala mabati. Mgololo yetu ilisimama miaka ya 1990, ikauzwa kwa mwekezaji binafsi 2004, na ikapata uhai pale ilipoacha ndoto ya karatasi nyeupe na kushika karatasi ya kahawia ya mifuko na vifungashio. Vyote vitatu havikukosa miti inayokua haraka. Vilikosa ukubwa, vilikosa umeme wa bei ya kueleweka, na viwili vya kwetu Afrika Mashariki vilijikuta vikishindana na karatasi ya nje iliyoshuka bandarini kwa bei ambayo mtambo mdogo hauwezi kuifuata.

Kwa hiyo mkulima wa miti wa Njombe, Makete au Mufindi anayeambiwa aitazame Brazil anaonyeshwa kitu kisicho saizi yake. Yeye leo anauza msindano ukiwa bado mchanga, msitu uliosimama, kwa dalali anayekuja na bei mfukoni. Mashine ya ding-dong, ile ndogo ya kupasulia mbao, inaupasua hapohapo, mabanzi na maranda yanabaki kilimani yakingoja kiberiti. Mabanzi hayo ndiyo chakula cha kiwanda cha rojo kule British Columbia. Hapa kwetu kiwanda cha ukubwa wa Mgololo kinaweza kuyala kama mtu atapanga namna ya kuyakusanya, na hilo ni swali la barabara za kijiji na mzani wa kuaminika, si la kupanda hekta mpya za mikaratusi kwenye vyanzo vya maji.

Wizara na wachambuzi wakitaka kulinganisha mikoa, waanze kwa kutenganisha namba 4701 hadi 4705 na makaratasi chakavu, waweke tani pembeni ya dola, waondoe biashara ya ndani ya Ulaya, na waongeze mstari wa karatasi na wa vibanzi. Wakimaliza, waulize swali ambalo grafu haikulibuni: mita moja ya ujazo ya mti, kutoka shambani hadi bidhaa ya mwisho, imeacha kiasi gani ndani ya nchi? Kwa Tanzania sehemu kubwa ya jibu haiko kwenye mauzo ya nje hata kidogo. Iko kwenye mifuko ya saruji na kwenye maboksi yanayobeba parachichi za Njombe kwenda Ulaya. Boksi likiagizwa kutoka ng'ambo, likajazwa parachichi kilomita chache kutoka Sao Hill na kusafirishwa tena, takwimu za rojo hazitasema lolote, na dalali ataendelea kumpangia bei mwenye msindano.